Goti, Faili na Ufagio

Washington

Jengo la zamani la Ofisi ya Pensheni, katika mtaa wa F, lilikula matofali mekundu yapatayo milioni 15. Siku hizi ni makumbusho ya ujenzi, na watoto wa shule hukimbizana ukumbini kati ya nguzo za futi 75. Lakini lilipojengwa kati ya 1882 na 1887 lilikuwa na kazi moja kuu: kupokea, kupima na kulipa madai ya askari walioumia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, pamoja na ya wajane na yatima wao. Aliyelichora ni Jenerali Montgomery Meigs, mkuu wa ugavi wa jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, ambaye mwanawe mwenyewe aliuawa katika vita hivyo.

Nilipanda ngazi zake polepole, kwa makusudi. Kila kidato ni kifupi kwenda juu na kipana kwenda ndani. Mguu hauinuki sana, na mwenye gongo anapata nafasi ya kutua miguu yote miwili kabla ya kuendelea. Meigs alizichora hivyo kwa kuwafikiria wazee na walemavu ambao wangekuja kufuatilia mafaili yao. Nimeingia katika ofisi za kwetu ambako dawati la wastaafu liko ghorofa ya tatu na lifti imekufa, kwa hiyo nilizitazama ngazi zile kwa heshima kubwa.

Nje, mkanda wa sanamu za udongo wa kuchoma, kazi ya mchongaji Caspar Buberl, unalizunguka jengo lote kwa futi 1,200. Wamo askari wa miguu, wapanda farasi, mabaharia, na majeruhi wanaoshikwa mikono. Yumo pia mwendesha mkokoteni wa mizigo. Meigs alisisitiza kwamba huyo awe mtu mweusi, mtumwa aliyekombolewa na vita.

Askari mweusi aliyepigania Muungano alikuwa na haki ya pensheni kwa mujibu wa sheria. Mbele ya dawati mambo yakawa mengine. Aliyezaliwa utumwani hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mjane wake hakuwa na cheti cha ndoa, kwa kuwa sheria za majimbo ya Kusini hazikuitambua ndoa ya watumwa. Wapo walioandikishwa jeshini kwa jina la bwana wao, kisha baada ya uhuru wakajichagulia jina jingine, na faili likabaki likimtafuta mtu asiyekuwepo. Wakaguzi walitumwa hadi vijijini kuwahoji majirani. Mtu huyu ndiye yule? Goti hili lilikuwa zima kabla ya vita?

Swali hilo la goti ndilo nililolifuata safari nzima, maana kila nchi niliyopita imelijibu kwa namna yake. Kwa sheria ya Marekani ya leo, askari mstaafu anayeomba fidia ya ulemavu anatakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba ana ugonjwa au kilema sasa, kwamba kulikuwa na tukio jeshini, na kwamba hivi viwili vinahusiana. Uhusiano huo mara nyingi huandikwa na daktari. Ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, mwombaji ndiye anayepewa. Naiona kanuni hii kuwa ya haki, na natamani kuiona katika kila ofisi ya fidia ya kwetu.

Pamoja nayo ipo njia ya pili. Bunge linaweza kutamka kwamba aliyetumikia mahali fulani na akapata ugonjwa fulani haulizwi tena uhusiano. Tatizo ni muda. Sumu ya kuua majani, hasa ile iitwayo Agent Orange, ilinyunyizwa Vietnam kuanzia 1962 hadi 1971. Sheria ya kuwafidia waliovuta hewa yake ilikuja 1991, na mabaharia waliokuwa kwenye meli nje ya pwani wakasubiri hadi sheria ya 2019. Katika vita vya Iraq na Afghanistan, jeshi lilichimba mashimo makubwa ya kuchomea taka: plastiki, betri, taka za hospitali, vyote vikiwashwa kwa mafuta ya ndege. Sheria ya moshi huo ilikuja 2022, ikapewa jina la Sajini Heath Robinson wa Ohio, ambaye alikwisha kufariki miaka miwili kabla kwa saratani ya mapafu. Mwezi Julai mwaka huo mswada ulikwama katika Seneti. Wakongwe na wajane wakahamia kwenye ngazi za bunge, wakalala pale, wengine wagonjwa, hadi ulipopitishwa Agosti 2. Rais Joe Biden akautia saini Agosti 10.

Orodha ya nchi zinazotambuliwa na sheria hiyo inafika kwetu: Somalia imo, Djibouti imo, na ng'ambo ya pili Yemen na Oman. Lakini inamhusu aliyevaa sare ya Marekani tu. Maelfu ya Waganda waliajiriwa na kampuni za ulinzi kulinda malango ya kambi za Marekani nchini Iraq, na moshi haukuwauliza pasipoti. Wao wana sheria nyingine, ya mwaka 1941, inayomtaka mwajiri awakatie bima. Kwa hiyo Mganda anayekohoa Masaka au Mbale hashughulikiwi na ofisi ya askari wastaafu. Atadai kwa kampuni ya bima iliyo bara jingine, kwa Kiingereza cha kisheria, na kifua chake hakimo katika sheria ile ya 2022. Katika yote niliyoyaona Washington, hili ndilo lililoniuma zaidi.

Tacoma

Kusini mwa Seattle kuna kambi ya Lewis-McChord, na katika miji inayoizunguka Wakenya wamejijengea makanisa na maduka ya unga wa ugali. Mwenyeji wangu ni mzaliwa wa Nakuru. Aliingia jeshi la Marekani 2010 kwa mpango uliowaruhusu wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo, kuandikishwa na kupata uraia haraka. Mpango huo ulianza 2009 na ukafungwa kwa watu wapya 2016. Kiswahili chake hakikuhitajika sana. Alikuwa fundi wa malori, na Afghanistan alitengeneza malori.

Alimwaga mezani kila alichokuwa nacho: cheti cha kuachishwa jeshi, ambacho kila askari wa kule hukitaja kwa namba yake, DD-214, barua za maamuzi, picha za eksirei, na karatasi ya kipimo cha goti la kulia ambalo lilikuwa limekataliwa.

"Ndugu yangu, mimi nilikunja," alisema. "Yule daktari aliniambia kunja goti mpaka mwisho wako. Nikakunja mpaka mwisho. Jeshini ukiambiwa fanya, unafanya."

"Na usiku huo hakulala," mkewe akadakia kutoka jikoni. "Mwambie shemeji ukweli wote."

Ukweli wote uko katika kifaa kidogo cha kupima pembe, mfano wa rula mbili zilizopigiliwa pamoja ncha moja, ambacho daktari hukiweka ubavuni mwa goti. Goti zima hukunjika nyuzi 140 hivi. Kwa jedwali la Marekani, goti linaloishia nyuzi 60 lina asilimia sifuri ya ulemavu. Likiishia nyuzi 45 lina asilimia 10, nyuzi 30 ni asilimia 20, nyuzi 15 ni asilimia 30. Sheria yao haikusahau maumivu: daktari anatakiwa aandike ni wapi yanapoanzia, na goti linalouma likikunjwa linaweza kustahili asilimia 10 hata kama linakunjika vizuri. Lakini ili aandike, lazima mwenye goti aseme. Mwenyeji wangu hakusema. Alipitia jando akiwa mvulana, mbele ya wajomba zake, akasimama bila kupepesa jicho, na tangu siku hiyo akahesabiwa mtu mzima. Kisha akaingia jeshi ambalo lilimfundisha jambo lile lile kwa miaka kadhaa. Sasa akaketi mbele ya mgeni mwenye koti jeupe, na mustakabali wa familia yake ukategemea aseme "hapo, hapo panauma." Aliuma meno, akakunja.

Nyuma yake kuna pengo jingine. Alianguka kutoka kwenye bodi ya lori, akainuka, akaendelea na kazi. Askari wa Marekani wana msemo wao kwamba dawa ya kila kitu kambini ni maji, vidonge vya maumivu vya Motrin na soksi safi. Alimeza vidonge, hakwenda zahanati, na kwa hiyo katika rekodi zake za matibabu hakuna lori wala kuanguka. Miaka kumi baadaye anaulizwa: iko wapi karatasi ya siku ile? Aliyekuwa mvumilivu kazini ana faili jembamba, na aliyelalamika mapema analo nene. Sisemi aliyelalamika alikosea. Alifanya lililo sawa, na laiti makamanda wangewaambia kuruti hivyo tangu wiki ya kwanza.

Akageuza bahasha, akanifundisha hesabu yao kwa kalamu ya mwanawe. Alikwisha kupewa asilimia 50 kwa kiwewe cha vita na kukosa usingizi, 20 kwa mgongo, 10 kwa mlio wa masikioni usiokoma. Mimi nilijumlisha haraka nikapata 80. Akatikisa kichwa. Kule mwili mzima ni 100, na kila kilema hukata sehemu ya kilichobaki. Ondoa 50, umebaki na 50. Asilimia 20 ya hiyo ni 10, jumla 60. Kilichobaki ni 40, na asilimia 10 yake ni 4, jumla 64. Hesabu hiyo hukaribishwa kwenye kumi iliyo jirani, kwa hiyo yeye ni mtu wa 60.

"Sasa weka goti," akasema.

Asilimia 10 ya 36 iliyobaki ni kama 4. Inakuwa 68, na 68 inakaribishwa hadi 70. Kwa viwango vya 2025, tofauti kati ya 60 na 70 kwa mtu asiye na wategemezi ni zaidi ya dola 360 kila mwezi, bila kodi, maisha yake yote. Kwa hiyo neno moja ambalo hakulisema chumbani mle lina bei hiyo au zaidi, mwezi hadi mwezi.

Alikuwa na mwaka mmoja tangu barua ya kukataliwa ili asipoteze tarehe yake ya awali ya madai. Tangu Februari 2019 aliyekataliwa ana njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa juu aangalie faili upya, au kwenda kwenye Bodi ya Rufaa. Yeye alichagua ushahidi mpya. Mwenzake wa karakana, ambaye sasa yuko Texas, alimwandikia taarifa kwamba alimwona akianguka na akamwona akichechemea wiki nzima. Mkewe naye akaandika yake, kwenye fomu ya mashahidi wa kawaida, kwanza kwa Kiswahili kwenye daftari ili asikosee, kisha kwa Kiingereza. Aliniruhusu niisome. Hakutumia neno lolote la kitabibu. Aliandika kwamba mumewe hupanda ngazi kwa mguu mmoja na kuuvuta wa pili kama mtoto anayejifunza. Aliandika kwamba hulala kwenye kiti cha sebuleni ili goti libaki limenyooka. Na kwamba kanisani, watu wanapopiga magoti, yeye hubaki ameketi na kuinamisha kichwa, naye alikuwa mzee wa kanisa aliyewaongoza wengine kupiga magoti.

Sheria inaikubali taarifa ya namna hiyo kuwa ushahidi. Mke si daktari, hawezi kutaja ugonjwa, lakini alichokiona kwa macho yake anaweza kukisema na ofisi lazima ikipime. Nadhani huu ndio ukurasa wenye nguvu kuliko yote iliyokuwa mezani pale.

Jambo moja naliandika kwa ajili ya Waswahili walio katika jeshi hilo, kwa kuwa nilimkuta kijana aliyekuwa tayari amesaini mkataba na kampuni moja iliyomwahidi kumpandishia asilimia ili aikatie sehemu ya nyongeza. Sheria ya Marekani hairuhusu mtu kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Vyama vya askari wastaafu kama American Legion, VFW na DAV vina watu walioidhinishwa wanaofanya kazi hiyo bure. Na anayerudi kuishi Nyeri au Arusha hapotezi malipo yake. Fidia ya ulemavu humfuata.

St. Louis

Kuna mahali ambapo uvumilivu wa askari hauna kosa lolote. Julai 12, 1973, moto ulianza ghorofa ya sita, ya juu kabisa, ya jengo la kutunzia kumbukumbu za wanajeshi, katika kitongoji cha Overland nje ya St. Louis. Uliwaka siku kadhaa. Ulipozimwa, mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18 yalikuwa yameteketea: asilimia 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, na asilimia 75 ya yale ya jeshi la anga kuanzia 1947 hadi 1964, kwa waliokuwa na majina yanayofuata Hubbard katika alfabeti. Nakala hazikuwepo. Filamu ndogo hazikuwepo. Hata faharasa ya kilichokuwamo haikuwepo.

Fikiria mtu aliyepigwa risasi Korea na akaitwa kwa jina linaloanza na herufi yoyote. Anaandika barua, anajibiwa kwamba faili lake halipo. Faili hilo lilikuwa mikononi mwa serikali, halikuwa mikononi mwake.

Walichofanya baada ya hapo nakisifu. Makaratasi yaliyoloa yalipelekwa kukaushwa katika chumba kikubwa cha ombwe kilichojengwa kwa ajili ya kujaribia vyombo vya angani. Karatasi zilizoungua kingo zimehifadhiwa hadi leo kwenye baridi, katika kituo kipya, na mafundi wenye glavu huzifungua moja moja mwombaji anapojitokeza. Kisicho na faili hujengwa upya kutoka vyanzo vya pembeni: hati za malipo ya mwisho ya mshahara, taarifa za asubuhi za vikosi, orodha za hospitali. Na mahakama ya rufaa za wakongwe ilisema mwaka 1991 kwamba rekodi zikipotea mikononi mwa serikali, wajibu wa serikali kueleza uamuzi wake na kuipima faida ya shaka unakuwa mzito zaidi. Moto ulikuwa wa serikali, na serikali ikakubali kubeba sehemu ya majivu.

Uingereza

Uingereza niliipita kwa haraka, na ninaiandika kwa haraka. Madai ya fidia ya wanajeshi wake hushughulikiwa Norcross, karibu na mji wa pwani wa Blackpool. Kwa walioumia kabla ya Aprili 6, 2005, sheria ya zamani iliiachia serikali kazi ya kuthibitisha, bila shaka ya maana, kwamba jeraha halikutokana na jeshi, mradi dai lilipelekwa ndani ya miaka saba ya kuacha kazi. Kwa walioumia baada ya hapo kazi hiyo imehamia kwa mwombaji. Fidia yao hufuata jedwali la ngazi 15, na malipo ya mkupuo ya ngazi ya juu ni pauni 650,000.

Jedwali hilo lilijifunza kwa aibu. Mwaka 2006 askari wa kikosi cha miavuli, Ben Parkinson, alilipuliwa na bomu la ardhini Helmand. Alipoteza miguu yote miwili na ubongo ukaumia. Majeraha yake yalihesabiwa 37. Kanuni ya wakati ule ililipia majeraha matatu tu, na akapewa pauni 152,150. Wazazi wake walikataa kunyamaza, nchi nzima ikawasikia, na kanuni ikabadilishwa.

Naye mzee wa Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki? Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wanaume wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, ilipita Bonde la Kabaw, Bama (Burma), katika mvua za 1944, mahali ambapo malaria iliwaangusha watu pamoja na risasi. Kiinua mgongo cha kuachishwa kilipangwa kwa cheo na kwa rangi: nyaraka zilizochapishwa 2019 zinaonyesha mweupe alilipwa hadi mara tatu ya mweusi wa cheo kile kile. Mwaka 2018 serikali ya London ilitangaza karibu pauni milioni 12 ili wakongwe wa Jumuiya ya Madola waliobaki na wajane wao wapate milo miwili kwa siku. Mzee wa miaka 95 anayepata uji na maharage ameokolewa kutoka kwenye njaa, na nawashukuru waliovileta. Lakini hakuna aliyekuja na kifaa cha kupima pembe. Sijui mahali ambapo angelipeleka dai lake.

Mwanza

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliopigana chini ya Paul von Lettow-Vorbeck katika vita vya 1914 hadi 1918 na wakabaki hai. Lettow-Vorbeck mwenyewe alifariki Machi mwaka huo. Inasimuliwa, na Charles Miller ameiandika katika kitabu chake kuhusu vita hivyo, kwamba keshia aliweka ofisi ya muda hapa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache walikuwa na vyeti walivyopewa 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Wengi hawakuwa na kitu. Basi kila mzee aliitwa mbele, akapewa ufagio, na akaamriwa kwa Kijerumani: bunduki begani, bunduki chini, heshima toa. Wote walifaulu.

Hadithi hii hupendwa sana Ulaya, na husimuliwa kama sifa ya utii. Mimi nimeitazama kutoka upande wa mzee. Ni miaka 46 tangu vita viishe. Anasafiri kutoka Ukerewe au Geita, pengine kwa mguu, na anaambiwa acheze gwaride na ufagio mbele ya vijana ili aaminiwe. Hata hivyo, nakiri keshia yule alifanya jambo ambalo Washington na Norcross zilihitaji sheria ndefu kulifanya: karatasi zilipokosekana aliuuliza mwili wenyewe, na mwili ulipojibu akaukubali.

Shida ni kwamba mtihani ule ulimjua askari peke yake. Mpagazi hakufundishwa gwaride. Alifundishwa kubeba ratili 50 au 60 kichwani na kwenda. Wanawake waliofuata kikosi, wakipika na kubeba watoto mgongoni na vyungu kichwani, hawakufundishwa amri hata moja ya Kijerumani. Ushahidi wao ulikuwa shingoni na kwenye nyayo, na ofisi ile ya Mwanza haikuwa na ufagio wa kupima shingo.

Dar es Salaam na Nairobi

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, ina mtu mmoja: askari, singe mbele, akielekea bandarini. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Mpagazi huyo amepewa nafasi kama ya mwendesha mkokoteni wa Meigs, na nafurahi yuko pale. Juu ya jiwe la Dar hayuko, ingawa soko kubwa kuliko yote nchini, umbali mfupi tu kutoka kwenye sanamu, linabeba jina la Kariakoo kwa sababu ya kambi ya wapagazi wa Waingereza.

Waliokufa kati ya wapagazi hao hukadiriwa kufika karibu 100,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Ofisi yao ya Nairobi, chini ya Oscar Watkins, iliwaandika kwa majina na namba. Vita vilipokwisha, mishahara ya waliokufa au wasioonekana ilibaki hazina. Ilisemwa jamaa zao hawawezi kutafutwa, na mapendekezo kwamba fedha hizo zitumike basi kwa faida ya Waafrika yalikataliwa. Wakati huo huo, kuanzia 1919 na 1920, serikali ya Kenya ilikuwa ikimvisha kila mwanamume mzima wa Kiafrika kipande chenye alama za vidole vyake na jina la mwajiri wake, na ikikusanya kodi ya kibanda Ukambani, Kisii na sehemu nyingine za Nyanza. Serikali iliyoweza kumpata mtu ili imtoze kodi iliweza kumpata mjane wake ili imlipe. Marekani ilipounguliwa mafaili ilikwenda kutafuta hati za mishahara ili kumjua mtu. Hapa hati za mishahara zilikuwepo, na mtu akaachwa.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Kazi ya tume hiyo ni majina na makaburi. Mshahara ni hesabu nyingine, na wa kuupokea wapo: wajukuu na vitukuu, Machakos, Kisii, Kisumu, wenye vitambulisho vya taifa na namba za simu. Orodha za Watkins zifunguliwe kwanza, kila herufi, mahali ambapo mtu wa Machakos anaweza kuzisoma bila viza. Kisha hazina ya London ionyeshe fedha zile ziliingizwa katika kitabu gani, ukurasa gani, na nani alitia saini.